Ombi la Kumzuia Shemeji Poldo Asimbebe Mtakatifu Roko

Kwa Baba Paroko Gaudencio,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, maana afya ndiyo hasa inayonisumbua. Si yangu wala si yako, Baba. Ni ya shemeji yangu Leopoldo, mume wa dada yangu Felicidad. Amepata nyingi kupita kiasi.

Unajua kwamba nafasi ya mbele kulia, chini ya mpiko wa machela inayobeba sanamu ya Mtakatifu Roko siku ya sikukuu yake, ni ya Poldo, aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Ugonjwa wa Parkinson ulipomshika akaanza kukokota miguu, nikamwambia kwa roho safi, "Shemeji, pumzika, nitakushikia." Nimemshikia miaka minne na nimezoea. Anayebeba mbele kulia ndiye anayekatiwa kipande cha kwanza cha nguruwe wa kuchoma. Tena akina mama wakishamfuta mtakatifu kwa leso zao, hunifuta na mimi shingo. Mtu akishaonja hayo, kurudi nyuma ya maandamano kushika mshumaa ni adhabu.

Sasa huyu bwana ameanza mazoezi ya nguvu kwa Bi Nenita, mtaalamu wa tiba ya viungo, pale uwanja wa mpira wa kikapu, pamoja na wagonjwa wenzake. Jumapili baada ya Misa akanishika bega mbele ya watu: "Asante kwa kunishikia, shemeji. Mwaka huu nabeba mwenyewe." Mwenyewe! Sikukuu iko mlangoni na mimi nimeshashonewa shati.

Naomba umkataze. Sababu zangu ni hizi:

1. Mali yangu haina usalama. Tunaishi ua mmoja. Juzi gunia langu la mchele lilitoweka stoo, nikamkuta nyuma ya nyumba amelikumbatia kifuani, anachuchumaa na kuinuka nalo. Nikamwuliza, "We Poldo, unafanya nini na mchele wangu?" Akajibu, "Naupa hewa." Halafu kuna kiti changu cha mianzi. Anakikalia, anasimama bila kushika popote, anakaa, anasimama. Baba, hata Misa ya Pasaka haina kusimama na kuketi kwingi hivyo.

2. Sauti yake imerudi. Bi Nenita huwahesabisha kwa sauti kuu wanapoinua vyuma. Zamani Poldo alikuwa akinong'ona tu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake kwenye vikao vya ukoo. Kazi ngumu, niliifanya kwa upendo. Mimi ndiye niliyewaeleza watu kwamba ameamua kunipa yule jogoo wake mwekundu wa mapambano. Wiki iliyopita, mezani, mbele ya watoto, akanguruma kama dalali: "Jogoo sikukupa! Nilisema umnyweshe maji!" Heshima ya mkalimani iko wapi?

3. Hatulali. Ugonjwa huo una tabia ya kumgandisha mtu mlangoni. Miguu inagoma kabisa. Sasa dada yangu amefundishwa kumpigia mdundo, na kweli, akisikia mdundo hatua inatoka. Basi kila alfajiri Poldo akitaka kwenda chooni, Felicidad anapiga kifuniko cha sufuria, pa, pa, pa, ua mzima tunaamka. Nakiri nilitumaini angeganda katikati ya maandamano mambo yakaishia hapo. Lakini maandamano yetu yana ngoma mwanzo hadi mwisho! Unaona, Baba, jinsi Kanisa lenyewe linavyompendelea?

4. Wazee wengine wameharibika. Mjane Consorcia, aliyekuwa akishikwa mkono mpaka kwenye komunyo, sasa anainua ndoo mbili za mchanga. Nilikwenda uwanjani kumsihi Bi Nenita apunguze kidogo, Consorcia akanitazama kuanzia viatuni, akasema, "Hermo, hilo tumbo ndilo litakalombeba mtakatifu, au mtakatifu ndiye atakayelibeba?" Wakacheka wote, tena kwa ile sauti yao ya kufundishwa, hata wauza samaki ng'ambo ya barabara wakasikia. Bi Nenita hakucheka. Alinieleza kwamba ugonjwa haujaondoka wala vyuma havitauondoa, mkono utaendelea kutetemeka, lakini mgongo na miguu ikiachwa ilale, ugonjwa utamla mzima mzima. Nikamwambia, dada, miguu sijamkataza. Namkataza bega.

5. Hii ni ya imani, kwa hiyo nakuachia wewe msomi. Mtakatifu Roko ni msimamizi wa wagonjwa. Mgonjwa akimbeba msimamizi wa wagonjwa, nani anamhudumia nani? Tena mkono wa Poldo ukitikisa mpiko, sanamu itatikisa kichwa juu chini. Watu watapiga kelele, "Muujiza, amekubali!" Kesho yake mabasi yatajaa mahujaji kutoka kila kisiwa, kila mmoja akitaka kujua mtakatifu amekubali nini. Parokia ina choo kimoja, Baba.

Mimi si mtu wa kinyongo. Nimependekeza Poldo apewe mbwa wa mtakatifu, yule wa mbao aliye miguuni pa sanamu, anayebanduka, ambebe peke yake mbele ya watu wote. Akamgeukia Felicidad, akasema, "Mbwa mpe shemeji, wanafanana." Ndipo nilipoona hakuna njia ila kukuandikia.

Nisalimie mama yako mzazi, mpishi wako, mtunza sakristia, na wanakwaya wote isipokuwa yule wa besi aliyecheka pale uwanjani.

Wako mtiifu katika Kristo,
Hermogenes Palabrica
Mbebaji, Mbele Kulia

Nyongeza: Hayo niliandika Ijumaa. Jana tulifanya majaribio ya machela. Tulipofika ule mwinuko wa daraja, magoti yangu yakalegea. Mtakatifu akaanza kuniinamia, nikamwona anakuja, na sikuwa na nguvu ya kumzuia. Mara uzito ukatulia. Poldo, aliyekuwa akitembea kando yetu, alikuwa ameingiza bega chini ya mpiko mbele yangu. Mkono wake ulitetemeka juu ya mti, lakini miguu ilisimama imara, haikuyumba hata chembe. Nililia, Baba, na sikulia kwa maumivu. Nilimwonea fahari, na nilijionea haya.

Barua hii ningeichana, ila Felicidad ameshaisoma, na ameapa kukuletea mwenyewe ili unijue vizuri. Basi mwandike Poldo mbele kulia, ni pake. Nilipotaka kujitoa chini ya mpiko nimwachie nafasi yote, akasema bila kugeuka, "Unakwenda wapi? Kaa hapo nyuma yangu, shemeji. Mlima bado."