Sigara Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Mei
Mkutano wa wakazi. Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa jengo letu. Wagombea ni mimi na Bakó wa ghorofa ya pili, mtu asiye na ukoo wala haya. Nikawakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba babu wa baba yangu alikuwa mbunge. Sigara yake nene ilikuwa na tundu lake, namba kumi na saba, kwenye vile vishikio vya shaba vya dirishani nje ya ukumbi wa Bunge, ambako wabunge waliziacha sigara zao zikiwaka walipoingia kikaoni. Hotuba ikinoga humo ndani, aliiacha iteketee. Wote wakanitazama kwa heshima! Halafu Bakó akasema maneno matupu hayavunji mfupa, nilete picha. Sawa. Ataipata.

Jumanne, 7 Mei
Nimezaliwa Budapest na sijawahi kuingia Bungeni. Wenyeji hatuingii, pale ni pa watalii. Ziara za Kihungari zimejaa. Nimekata tiketi kwenye kundi la Waitalia. Mpango: sigara moja nene, kadi yenye jina letu, tundu la kumi na saba, picha. Shangazi Aranka, miaka themanini na sita, anataka kuja. Nimekataa. Tayari amevaa kofia.

Jumatano, 8 Mei
Balaa! Nani yuko nyuma yetu kwenye foleni? Bakó, na kamera. Eti anapenda historia.

Zulia jekundu, dhahabu juu, dhahabu pembeni. Yetu hii! Nikatembea mbele ya Waitalia nimetunisha kifua, utadhani nimeijenga mwenyewe.

Dirishani. Kumi na saba! Nikachomeka sigara. Mlinzi akanidaka kiwiko, akauliza kama na kwetu huwa nachomeka takataka kwenye vitu vya watu. Hapo Shangazi akaangua kilio, akaipapasa shaba. "Babu yangu alizisugua hizi miaka thelathini! Waheshimiwa walivuta, yeye alifuta majivu! Hii ya kumi na saba ndiyo iliyomtesa, ilikuwa haing'ai!"

Mwongoza ziara wetu akatafsiri. Waitalia wakapiga makofi. Mlinzi akaniachia. Bakó, Bakó yule yule, akavua kofia na kumbusu Shangazi mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 10 Mei
Bakó kajitoa, kampendekeza Shangazi. Kapata kura zote. Hata yangu, maana alikuwa ananitazama. Amri yake ya kwanza: masanduku ya barua yasuguliwe, na mimi, kwani kazi hiyo iko kwenye damu yetu.

Jumapili, 12 Mei
Masanduku ishirini na manne. Yanang'aa kuliko Bunge! Mkazi mpya akauliza mimi ni nani. Nikamweleza kwa ufupi: kila mbunge alikuwa na sigara moja tu, babu wa baba yangu alizishika za wote. Serikali nzima mikononi mwake! Aliguswa, nilimwona. Ikabidi nimdokeze pia kwamba upande wa mama tulikuwa na askofu.

Bakó alikuwa dirishani kwake, kasikia yote. Anataka picha.