Marufuku ya Kutia Mvinyo Kwenye Supu

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati Kuu ya Ndoa za Chakula na Mvinyo inawatangazia wakazi wa Montferriès, kusini mwa Ufaransa, kwamba hakuna chakula kitakachokutana na mvinyo bila idhini yetu. Mimi ndiye Katibu. Jibini ya mbuzi tumeiozesha mvinyo mweupe wa Limoux. Kondoo wa kuchoma amepewa mvinyo mwekundu wa Corbières. Chaza, mvinyo wa Picpoul, na hakuna rufaa. Wananchi walipokea habari hizi kwa utulivu mkubwa. Wengine hata hawakuamka.

Kilichotusumbua ni supu. Huku kwetu mtu akibakiza mchuzi kidogo, humimina mvinyo mwekundu humo humo, akatikisa, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Wananchi wanaiita chabrot. Sisi wa Kamati tuliiita kuishi kinyumba. Ikapitishwa sheria: atakayekutwa, mahali pake pa kazi pafungwe papo hapo, kwa muhuri wa Kamati, ambao hautoki ofisini.

Wa kwanza kunaswa akawa Bi Zélie Cabrol, mjane mwenye mgahawa pale sokoni. Tulimkuta jikoni, bakuli mdomoni.

Mwenyekiti wetu, Bwana Fulcrand Estadieu, alikuja mwenyewe kumsomea hukumu, akiongozana na Mheshimiwa Naibu Waziri kutoka Paris. Kwa kuwa ilikuwa saa sita mchana, na serikali haifungi mgahawa ikiwa na njaa, tulikula kwanza.

"Fulcrand mwanangu," Bi Zélie alisema akigawa supu ya kabichi, "ukinifungia hapa, mimi nitaishije?"

"Mwite Mwenyekiti," nikamkumbusha.

"Mwenyekiti wa wapi? Huyu nimempangusa kamasi!"

"Bi Zélie, usinitie majaribuni," Mwenyekiti alisema. "Sheria ni sheria."

Akamgeukia mgeni na kumweleza jinsi tulivyoing'oa tabia hii mbaya. Alieleza vizuri sana. Alipofika kwenye mafanikio, mkono wake wa kulia, bila kupokea maelekezo yoyote ya maandishi, ulichukua chupa ya mvinyo mwekundu na kuimimina kwenye mchuzi uliobaki. Akatikisa. Akanyanyua bakuli. Akanywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Aaah!"

Mgahawa mzima ukageuka kumtazama.

"Hiyo nayo ni ndoa ya wapi?" Naibu Waziri akauliza.

"Ni... utafiti, Mheshimiwa."

"Utafiti mpaka kwenye masharubu!" Bi Zélie akadakia. "Jamani, mmeona, au mlikuwa mnahesabu nzi?"

Nami ni mtumishi mwaminifu. Nilikwenda nikaifunga ofisi ya Kamati, mahali pa kazi pa Mwenyekiti, nikaupiga mlango muhuri kwa nje, kisha nikaurudisha muhuri ndani kupitia dirisha, kwa kuwa hautoki ofisini. Hukumu ya Bi Zélie inausubiri mpaka leo. Kuufungua mlango kunahitaji kibali chenye muhuri.

Mwenyekiti, sasa hana kazi, akarudi mgahawani kuulizia kibarua.

"Kipo," Bi Zélie akamwambia. "Vyombo vile pale. Anza na bakuli lako."