Misalaba ya Penseli

Jumatatu, 4 Machi
Nimenunua kompyuta ya kiganjani. Imeshatumika, kioo kina mkwaruzo, lakini inaingia mfuko wa shati na ina kalamu yake ya plastiki. Jumapili kanisa linachagua katibu. Mama Muhuri ameshika kiti hicho tangu enzi na enzi, na rejista yake ya waumini haibebeki kwa mkono mmoja. Mimi nimehamia hapa mwaka juzi tu, lakini nitasimama na kanisa zima mfukoni. Ameniazima rejista bila kinyongo. Masikini, anajichimbia kaburi.

Jumanne, 5 Machi
Nimenakili majina mpaka kidole kikafa ganzi. Nimegundua jambo! Baadhi ya majina yana msalaba mdogo wa penseli pembeni. Kumbe Mama Muhuri anawajua wacha Mungu wa kweli na amewatia alama. Nilikuwa na shaka, ila baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, naye anao. Mzee yule hakukosa ibada hata siku moja. Shangazi wa mke wangu, mwenye ulimi ule, hana. Shaka ikaisha.

Mimi pia sina. Nimefunga rejista, nimefungua, nimetazama tena. Sina! Viti vyote vile nilivyopanga kanisani kila Jumapili. Imeniuma sana.

Jumatano, 6 Machi
Nimejitia msalaba. Kwenye kompyuta, na kwenye rejista pia, kwa wino, ili usije ukafutika.

Alhamisi, 7 Machi
Mchungaji amenipa nafasi kabla ya kura. Nimemwambia mashine yangu imeteua kamati ya kukarabati paa. Akauliza imewateuaje. Nikamjibu kwamba imeangalia uaminifu wao. Amefurahi. Nyumbani nilipogusia ile misalaba, mke wangu akanishauri nimuulize kwanza Mama Muhuri ni ya nini. Nimuulize mpinzani wangu! Mke wangu ni mtu mwema, ila siasa hazijui.

Jumapili, 10 Machi
Nilisoma majina ya kamati kwa sauti ya kujaza kanisa, nikaomba kila atakayetajwa asimame. Wa kwanza hakusimama. Wa pili kimya. Nikawaambia waumini kwamba uvivu wa namna hii ndio umefanya paa livuje. Nilipomtaja wa tatu, bibi mmoja wa kiti cha mbele akaanza kulia. Nikadhani ni furaha. Nikamtangaza baba mkwe kuwa mwenyekiti wa heshima, nikamwomba mama mkwe asimame kwa niaba yake. Akasimama kweli, akatoka nje.

Hapo Mama Muhuri akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba msalaba huo huwekwa mtu akishazikwa. Kanisa likaangua kicheko. Hata yule bibi alicheka.

Nikapiga moyo konde, nikasema tuendelee na kura. Mama Muhuri akafungua rejista kukagua wagombea, akakuta msalaba wangu. Akamuuliza Mchungaji kama marehemu anaruhusiwa kugombea. Mchungaji akasema haruhusiwi. Nikadai ufutwe. Mama Muhuri akasema wa penseli angeufuta mara moja, ila huu ni wa wino. Akapita bila kupingwa. Mlangoni akanipa pole ya msiba.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe hapokei simu zangu. Atanielewa. Nimelitafakari kosa na nimelipata: rejista ilikuwa mbaya. Mashine haina tatizo hata kidogo.

Leo nimeazima daftari la mwalimu wa kwaya. Kazi safi kabisa! Waimbaji wengine wamewekewa nyota nyekundu pembeni mwa majina. Hao bila shaka ndio sauti bora, na Jumapili nitamwomba Mchungaji kila mmoja aimbe peke yake. Mke wangu kanishauri nimuulize kwanza mwalimu. Nimemwambia atulie.

Mimi sikuwa na nyota. Sasa ninazo mbili, za wino.