Namna Nilivyomlainisha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama mkwe bado yupo. Alikuja kutusalimia tu, akafua gauni kitambulisho chake kikiwa mfukoni, kikafutika, na bila kitambulisho hapandi basi la kurudi kwake. Analala kwenye chumba changu cha kazi. Taa yangu ya duara ya kupigia picha ameanikia soksi. Blogu yangu ya kuwafundisha wanablogu wenzangu kuhariri picha naiandikia jikoni, karibu na sufuria. Leo mke wangu kaniuliza kama naweza kumpiga mama yake picha ya kitambulisho kipya. Kama naweza! Mtu wa fani yangu!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempiga. Alikunja uso muda wote, akasema tangu nimuoe binti yake hajaniona nikifanya kazi ya maana. Mkwe hajibiwi.
Nikaingia kazini. Mwanga kwanza. Kisha nikalainisha ngozi kidogo. Kidogo tena. Mifuko ya macho ikaenda zake. Kidevu cha pili nikakifuta, kikaondoka na cha kwanza, nikachora kingine. Kazi safi! Nimeiweka kwenye blogu chini ya kichwa “Usizidishe: Siri ya Mhariri Mwenye Kiasi.”
Mama mkwe alipoiona aliniita mwanangu. Mara ya kwanza!

Jumatano, 8 Oktoba
Ofisi ya vitambulisho. Karani kaitazama picha, kamtazama mama mkwe, akasema kwa heshima zote kwamba mwombaji lazima aje mwenyewe, asimtume bibi yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe wala! Alicheka ngazi zote mpaka chini.
Nikamshauri tutumie ile picha ya asili. Akauliza asili ipi. Akasema huyu wa kwenye picha ndiye yeye, ile sura nyingine ni uchovu wa kulea binti niliyemchukua. Haondoki mpaka uso ufanane na picha. Ameagiza matango.

Ijumaa, 10 Oktoba
Matango yote yako usoni kwa mama mkwe. Redio marufuku, anapumzisha macho. Naandika kwa kidole kimoja nisije nikamwamsha.
Lakini akili ninazo. Nimemtumia baba mkwe ile picha. Sikuandika mengi: “Mgeni wetu huyu, njoo umchukue.” Akajibu papo hapo kwamba yuko njiani. Mzee ambaye salamu zangu hazijibu kabisa! Ama kweli mapenzi hayazeeki.

Jumamosi, 11 Oktoba
Baba mkwe kafika. Suti! Manukato yametangulia, yeye kafuata. Kamsalimia mkewe, kampita, kachungulia chumbani, jikoni, hadi nyuma ya pazia la bafu. Kisha kaninong'oneza: yule binti wa kwenye picha yuko wapi? Masikio yake ni mazito, kwa hiyo hunong'ona kwa kupiga kelele. Jengo zima limesikia.
Mama mkwe kajifungia, kaapa harudi kwa mwanamume huyo. Baba mkwe kaapa haondoki bila mkewe. Kavua viatu, kajinyoosha kwenye kochi. Mke wangu kasema wazazi wake wasipopatana, nitakayehama ni mimi. Hakuwa anatania. Nimeogopa.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimembembeleza mama mkwe mlangoni asubuhi nzima. Mwishowe kafungua kidogo, macho mekundu. Kasema miaka yote ya ndoa yao, mume wake hajawahi kumvalia suti. Amekuja kumvalia mtu asiyekuwepo. Moyo uliniuma kweli. Nilikaa chini ukumbini nikajiuliza nimekosea wapi, maana kosa ni langu, sikatai.
Nikaliona! Nilimhariri mmoja tu. Wanandoa huhaririwa wote wawili, la sivyo hawalingani. Wanablogu wangapi wanajua hili? Litakuwa somo la wiki hii.
Sasa hivi baba mkwe nimemkalisha dirishani, mwanga uko vizuri. Kipara kimeota nywele. Tumbo nimelirudisha ndani. Meno nimemwongezea, pengine mawili zaidi ya yanayohitajika. Naipitisha picha chini ya mlango wa mama mkwe, na kikaratasi nimeshakiandika: “Kijana huyu yuko sebuleni, anakusubiri wewe tu.”