Kamera Yangu Isiyojua Chenga

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza. Kamera ya nyuma ya gari, ya bei ya mtu wa kawaida, isiyosumbuliwa na mawimbi ya umeme. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza kamera dukani kwake kwa bei ya kukufanya utafute kiti kwanza. Na hizo zake, gari likiwashwa tu, picha inaingia michirizi na chenga. Watu wananunua hivyohivyo. Watu hawana akili.

Siri yangu ni foili, ile ya jikoni. Nimeizungushia kamera pamoja na waya wake wote, tabaka juu ya tabaka, mpaka imefanana na mguu uliovunjika. Mawimbi yanakuja, yanagonga, yanarudi yalikotoka. Nimeijaribu kutwa nzima kwenye gari langu nyuma ya nyumba. Hakuna chenga hata moja. Nimeona kuku wa jirani mpaka kucha.

Mke wangu, ambaye anaoka keki za kuuza, akauliza foili yake imekwenda wapi. Kisha akauliza nimeijaribu vipi wakati gari langu halina injini, limekaa juu ya matofali tangu fundi aondoke nayo. Nikamweleza taratibu kwamba injini hukaa mbele, na kamera inatazama nyuma. Akarudi jikoni. Hoja ilimzidi.

Jumanne, 5 Machi

Mama Mabasi amekubali! Ni mwenye mabasi ya kubeba wanafunzi, mwalimu mstaafu, sauti yake bado inawafanya watu wazima wachomoe mikono mifukoni. Majuzi dereva wake alirudi nyuma akasaga baiskeli ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameshuka. Tangu siku hiyo mama wa watu hana raha, anataka kamera kwenye kila basi. Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, ataangalia yangu na ya shemeji, achague moja.

Mke wangu naye kaing'ang'ania Jumamosi hiyohiyo. Anasema amechoka kulisha nyumba kwa keki huku mimi nikibuni. Nikichaguliwa, nikodi karakana yangu, hatanisema tena. Nikikosa, Jumatatu naripoti dukani kwa shemeji kufunga redio za watu. Kumbe wameshapanga, kaka na dada. Mimi, chini ya mtu aliyerudia darasa mara mbili! Bora nilale juu ya matofali pamoja na gari.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji alipita, eti kusalimia. Akala vipande viwili vya keki. Mimi nikigusa kimoja naambiwa ni cha mteja.

Akaishika kamera yangu, akaigeuzageuza. Akauliza kama hiyo foili nimeikaza popote kwenye bodi ya gari. Nikamjibu kwamba imekazwa kwenye akili yangu. Akacheka kidogo, akasema gari lake liko nje, linanguruma, twende tukaijaribu humo, itachukua muda mfupi tu. Niliuona mtego palepale. Anataka kuona nilivyoifunga, akaige. Nikamwambia kamera yangu haijaribiwi ovyoovyo. Akanawa mikono akaaga. Mke wangu akasema kaka yake alikuwa anataka kunisaidia. Msaada gani huo wa kumaliza keki?

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimecheza kama mimi.

Ninayo chaja moja ya simu, niliyoinunua kwa mtu wa kutembeza bidhaa. Ukiichomeka, redio yoyote iliyo karibu inaunguruma. Mke wangu aliipiga marufuku sebuleni. Wazo likanijia nikiwa naoga. Chaja hii ikijificha ndani ya basi la majaribio, kamera ya shemeji itajaa chenga, na yangu, iliyovaa foili, itang'aa. Mtu asiseme nina wasiwasi na kazi yangu. Hii ni tahadhari.

Nikamfuata dereva wa Mama Mabasi, nikamwambia nataka kupima dashibodi. Mtu mwepesi sana wa kuamini. Akaniachia basi, akaenda kununua soda. Nikachomeka chaja kwenye tundu la kiberiti cha sigara, chini kabisa ya dashibodi, nikaifunika kwa zulia. Kisha nikapima dashibodi kweli, ili nisiwe mwongo.

Jumamosi, 9 Machi

Siku imeingia doa.

Walikuja wote. Mama Mabasi na mwavuli wake, dereva, shemeji akiwa amechomekea shati, na mke wangu, aliyesema amekuja kushuhudia kwa macho yake. Shemeji akaanza. Dereva akawasha basi. Redio ikaunguruma, mchirizi mmoja ukapita kwenye skrini, nikaanza kutabasamu. Ukapita, ukaisha. Picha ikatulia, na goli la uwanja likaonekana mpaka nyavu zake zilizotoboka. Tabasamu likanigandia usoni.

Zamu yangu. Nikaomba basi lizimwe kwanza, kwa sababu za kitaalamu. Kwa vile lilikuwa limezimwa, picha ikatoka safi, Mama Mabasi akaviona viatu vyake mwenyewe. Nikaanza kueleza bei. Akanikatiza, akauliza kama madereva wake warudi nyuma kwa kusukumwa. Akamwamuru dereva awashe.

Chenga. Chenga tupu, skrini nzima. Redio nayo ikaunguruma tena. Nikaipiga kamera kofi, chenga zikaongezeka. Shemeji akaninong'oneza kwamba foili ikikaa hewani, haijakazwa kwenye bodi, inayakusanya mawimbi badala ya kuyazuia. Sikumsikiliza. Niliona karakana yangu inaondoka hivihivi. Ndipo nikapaza sauti kwamba kamera haina kosa, kosa ni la chaja iliyofichwa chini ya dashibodi.

Dereva akainama, akainua zulia, akatoka na chaja mkononi.

Mama Mabasi akaniuliza nimeijuaje, na mimi nimesimama nje ya basi muda wote. Nikasema ni uzoefu. Dereva akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba tangu jana hakuna aliyeingia humo zaidi yake na yule aliyekuja kupima dashibodi. Mke wangu akawa anaangalia nyasi.

Nilitegemea kufokewa. Mama Mabasi hakufoka. Alisema tu kwamba madereva wake huchaji simu humo kila siku, tena chaja za namna hiyohiyo, na kamera inayoshindwa na chaja hawezi kuiachia watoto wa watu. Akamwambia shemeji apeleke za kwake.

Niliona aibu. Naiandika hapa mara moja, na isirudiwe.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu hasemi nami. Keki ya harusi aliifunika kwa magazeti kwa kukosa foili, na bibi harusi amelalamika kuna mwanasiasa amechapika kwenye sukari. Hilo nalo eti ni kosa langu.

Nimefikiri sana na nimepata chanzo cha yote. Ni dereva. Mtu akinunua soda anywe, asichunguze nani kaingia wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeripoti. Shemeji hakunipa redio hata moja. Akanipeleka nyuma ya duka, kamera yangu, niliyoiacha kwenye basi pamoja na chaja, ikiwa imeshafungwa kwenye gari lake. Alikuwa amepunguza foili, ikabaki tabaka moja nadhifu, na ncha yake ameikaza kwenye bodi kwa skrubu. Akawasha gari. Akachomeka ile chaja yangu. Picha haikutikisika.

Akasema wazo langu ni zuri, tena rahisi kuliko chochote anachouza, lilipungukiwa skrubu tu. Mama Mabasi ameshaiona asubuhi na anaitaka kwenye mabasi yote badala ya zile za bei mbaya. Tuzitengeneze pamoja, akasema, jina langu litangulie, na chumba hiki cha nyuma kiwe karakana yangu.

Nikamtazama vizuri. Kwa hiyo ndiyo mipango yake. Anaweka skrubu moja, anataka nusu ya akili yangu! Nikaing'oa kamera, nikaichanachana ile foili mbele yake asije akaiga, nikamwambia anipe redio nifunge. Aliokota vipande vya foili kimoja kimoja. Kisha akanipa redio.

Mke wangu alishapigiwa simu kabla sijafika nyumbani. Hakunisema. Alikaa mezani akilia polepole, wala hakujifuta. Iliniuma, sikatai. Lakini atafurahi akisikia habari niliyomwekea, kwani nikiwa nafunga redio nimebuni king'ora cha kuzuia wizi wa magari, cha bei ya mtu wa kawaida, na safari hii shemeji hatakigusa wala kukiona. Nimekichora chote. Bado sijakiunganisha na betri, lakini kwenye karatasi kinalia vizuri sana.