Kigari cha Gofu na Goti la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Novemba 2025

Leo nimepata gari. Mimi, Osewe, fundi wa mabati, mpangaji wa mtaa wa Gatwekera, nina gari! Si gari kamili. Ni kigari cha gofu, vile vya umeme ambavyo matajiri hupanda ili wasichoke kufuata mpira. Tulikuwa tunaezua paa la hoteli moja ya zamani huko Karen. Msimamizi akasema kuna kigari kimelala ghalani miaka mingi, anayekitaka akiondoe leo leo. Wenzangu walicheka. Mimi nikainua mkono.

Sababu ninayo. Mama yake Nereah, mke wangu, amekuja kutoka Homa Bay kwa ajili ya goti. Ijumaa ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, ataonwa na daktari Kawangware. Goti halikunji. Pikipiki hawezi kupanda. Ngazi ya matatu hawezi. Amefikia Gatina, mtaa wa jirani na huko, kwa Aluoch, dada yake Nereah, kwa sababu mume wa Aluoch ni Mbuvi, na Mbuvi ana choo cha ndani. Ana duka la vifaa vya ujenzi pia. Siku ileile mama alipofika, Mbuvi alimnunulia kiti cha kuegemea. Mimi nilimpelekea ndizi. Zilikuwa mbichi.

Ijumaa hiyo tutaona nani mkwe.

Jumatano, 5 Novemba

Kigari hakiingii nyumbani. Njia yetu ni nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na nimeipita miaka kumi na moja. Tulikisukuma vizuri mpaka kwa Nzembi, muuza mandazi, kikakwama kati ya ukuta wake na ukuta wa kanisa. Mbele hakiendi. Nyuma hakirudi. Asubuhi yote watu wa kwenda kazini walipanda upande huu, wakakanyaga kiti, wakashukia upande ule. Mama mmoja akaniuliza daraja hili limeletwa na mheshimiwa gani.

Nzembi alipanga mandazi yake kwenye dashibodi. "Osewe, kiache tu hapo," akaniambia. "Wateja wanapita wakiwa wamekaa."

Nereah alikuja nyuma yao. Alipanda, akashuka, akaenda saluni kusuka watu. Mwendo huo naujua.

Alhamisi, 6 Novemba

Kigari kimenasuliwa usiku, kimefika Gatina kwa pikapu ya mchanga. Kiko kwa Mumbua, fundi wa betri, ambaye karakana yake iko chini ya ghorofa anamoishi Mbuvi. Mumbua si mtu wa maneno mengi. Aliuliza mambo mawili tu: ni cha kampuni gani, na ni cha volti ngapi. Bila hayo hagusi waya. Nikamwambia majibu atayapata kesho.

Hakina jina. Hakina kibandiko. Lakini mbele kuna namba 7, kubwa, nyekundu. Nimeandika: Modeli ya Saba.

Mbuvi alichungulia kutoka kwenye balkoni akiwa na kikombe cha chai. Akasema hicho si cha gofu, ni cha kubebea masanduku ya wageni. Nikamjibu kwamba hata gofu ina masanduku. Sijui kama ina.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata namba ya kiwanda! Imeandikwa kwa herufi nene: 18 x 8.50 - 8. Nimeituma kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa vigari vya gofu, watu wa Afrika Kusini na kwingineko. Majibu kumi na saba kwa dakika tano. Nilifurahi mpaka nilipoyasoma. Ni saizi ya tairi.

Saa tisa alasiri nikapata nyingine, imekwaruzwa kwa msumari chini ya usukani. Tarakimu kumi, inaanza na sifuri na saba. Nikaipeleka kwa Mumbua. Akaitazama, akatoa simu, akaipiga. Akapokea mwanamke aitwaye Wakarima, yuko Limuru. Alikuwa mpishi wa hoteli ile miaka hiyo, na namba alimpa mtunza bustani. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni huyo mtunza bustani aliyetutuma. Mumbua akanipa simu. Nikasema anamsalimia sana.

Sasa naogopa kupokea simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mumbua amenionea huruma. Volti hazikisiwi, akasema, zinahesabiwa. Unainua kiti, unahesabu vifuniko vya betri, kila kifuniko ni volti mbili. Rahisi! Nimehesabu mara tatu. Vifuniko kumi na tisa. Volti thelathini na nane.

"Buda, hakuna kitu kama hiyo," akasema Mumbua.

Nikamwambia labda Modeli ya Saba ni maalum.

Akainama mwenyewe. Betri sita, kila moja vifuniko vitatu, jumla kumi na nane. Cha kumi na tisa kilikuwa cha soda.

Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua chini ya dashibodi upande wa abiria. Dakika tano tu, kikatokea kibati chenye namba. Akaitafuta kwenye simu. Kigari ni cha Amerika, mwaka 1996, volti thelathini na sita. Na ile 7? Hoteli ilikuwa na vigari kumi, hiki kilikuwa cha saba. Basi.

Kigari kinamzidi Nereah mwaka mmoja. Jioni nikamwambia hivyo, kwamba yeye ni mpya kuliko kigari. Nilikusudia kumsifu. Amelala akiangalia ukuta.

Jumanne, 11 Novemba

Betri zote sita zimekufa, na kwa dalili zote zilikufa kabla ya janga la korona. Mumbua anazo za lithiamu, kutoka kwa pikipiki za umeme zilizopata ajali. Amezipanga upya zitoe volti thelathini na sita kamili. Paa la karakana yake linavuja. Tukaelewana: mimi juu, yeye chini. Nimepiga mabati siku mbili. Kila nilipochungulia tunduni nilimwona akifanya kazi bila kusitasita hata mara moja. Nilidhani anaringa.

Betri za zamani nilishindwa kuinua hata moja. Hizi mpya nimezibeba zote kwa mikono miwili. Nilipita nazo chini ya balkoni ya Mbuvi. Mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Kinatembea! Mbele, nyuma, mbele tena. Kimya kama paka. Wapangaji wa ploti walitoka kupiga makofi. Mbuvi aliuliza breki ziko wapi. Akasogea kando tulipomwonyesha.

Sasa marekebisho yangu. Mama mkwe hawezi kubanana nami kwenye kiti kimoja, hiyo si adabu kwetu, wala kumkodolea macho usoni. Na goti lazima linyooke. Kwa hivyo nyuma, mahali pa mifuko ya gofu, nimefunga kiti cha kuegemea, kile cha Mbuvi. Aluoch aliniruhusu. Hakikukaa kwa kutazama mbele, nikakigeuza kitazame nyuma. Safi kabisa. Nimeongeza pia kioo cha pembeni, lakini kinaonyesha shati langu tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mumbua alitoka kununua soda. Nikainua kiti kidogo, kukagua. Bahati nzuri! Kuna nyaya zimeandikwa F1 na F2. Niliangalia sana. F1 iko mahali pa pili, F2 iko mahali pa kwanza. Fundi mzima anaweza kukosea hivyo? Sikutaka kumwaibisha. Nimezibadilisha, nikafunga kiti, nikanywa soda. Sikujaribu kukiendesha, ili chaji isipungue kabla ya kesho.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya daktari.

Nilifika Gatina saa moja na nusu, shati jeupe. Mama mkwe alishushwa ngazi na binti zake wawili. Mbuvi alikuwa amekodi teksi. Alifungua mlango wake, akasimama wima kama bawabu wa benki. Mama akaitazama teksi, akakitazama kigari. Akasema mlango wa teksi ni mdogo na goti lake ni refu. Akachagua kigari! Nilijaribu kutomtazama Mbuvi. Nikashindwa.

Wakamkalisha, goti limenyooka. Nikaketi. Nikasukuma swichi mbele. Nikakanyaga.

Kigari kikaenda nyuma.

Nikakisimamisha. Nikaangalia swichi. Iko mbele. Nikakanyaga tena, polepole, kwa heshima. Nyuma.

"Ora," mama akaniita. Hivyo ndivyo anavyomwita mkwe. "Tumeanza?"

Nikasema tumeanza, mama.

"Vizuri. Kuna mbuzi kushoto kwangu."

Ningefanya nini? Saa mbili na robo ilishafika. Tukaenda hivyohivyo. Mama mkwe mbele, akiona barabara yote ya Gatina. Mimi nimempa mgongo, nimeshika usukani, nasikiliza. Kulia, ora. Zaidi. Shimo. Ngoja, kuna mama amebeba maji. Haya, nenda. Nilizungusha usukani kulia, nikasikia akisema hapana, nikazungusha kushoto, akasema asante. Mpaka sasa sijui ipi ilikuwa ipi.

Na mbele ya macho yangu, hatua tano, teksi ikitufuata. Mbuvi kwenye kiti cha mbele. Tulitazamana njia nzima. Sijawahi kumtazama mtu usoni muda huo wote, hata Nereah siku ya harusi. Nereah alikuwa kiti cha nyuma, amefunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Moyo ukaniuma.

Wauza mitumba waliondoa marundo yao kabla hatujafika. Mhubiri wa kona ya soko alikatiza mahubiri akaanza kumwombea abiria. Tulifika kliniki saa tatu kasoro dakika tano.

Mlinzi wa geti akaniuliza kama nimejaribu kuweka swichi nyuma. Nikamwambia mimi sitaki kwenda nyuma, nimetoka huko. Akaingiza mkono, akaivuta swichi mwenyewe, akabonyeza kanyagio kwa ngumi. Kigari kikaenda mbele.

Nikaenda kukaa kivulini.

Daktari alitoa maji kwenye goti, akamfundisha mazoezi, akasema arudi baada ya wiki mbili. Mama alitoka na fimbo, lakini akitembea! Goti linakunja kidogo. Mbuvi akafungua tena mlango wa teksi. Mama akakataa. Akawaambia binti zake, nami nikisikia, kwamba tangu aolewe hajaona mkwe mwenye adabu namna hii. Njia nzima hakumgeuzia uso hata mara moja, wala hakubishana na neno lake.

"Mama, huyu hakuwa anaona!" akasema Mbuvi.

"Ndiyo," mama akamjibu. "Na bado alinisikiliza."

Tulirudi vilevile, nyuma. Yeye ndiye aliyetaka, alipenda kuona barabara. Nereah akaja kuketi kando yangu. Kumbe hakuwa analia. Alicheka mpaka Gatina, akifuta macho kwa kitambaa, na tulipofika kwenye matuta alinishika mkono. Nilikuwa nauhitaji kwenye usukani. Sikuutoa.

Jumamosi, 15 Novemba

Mumbua alifungua kiti, akaangalia F1 na F2, akaniangalia mimi. Nikamweleza nilivyomsaidia. Akarudisha nyaya zilivyokuwa, mbele iwe mbele tena, akazizungushia utepe mweusi mara nyingi kuliko kawaida.

"Osewe, skiza. Hiki kigari kiko sawa. Usikiguse. Unaelewa usikiguse?"

Nikamwambia naelewa. Na kweli naelewa. Nimekuwa mtu mwingine tangu Ijumaa. Anayejua ni fundi, mimi kazi yangu ni kuendesha.

Jumatatu, 17 Novemba

Mchana nilipita Gatina kukisalimia tu. Kilikuwa kwenye chaji. Mumbua alikuwa ameenda kwa mteja. Nikainua kiti, kuangalia kwa macho peke yake. F1 na F2 sikuzigusa. Nimekua.

Lakini kando ya chaja kuna waya wa bluu. Ncha yake haijaunganishwa na chochote! Hakuna kampuni ya Amerika inayoweza kutengeneza waya wa bure. Nikafikiri sana, karibu dakika moja. Nikauunganisha na ule mwekundu.

Kigari hakikufanya lolote. Ila wakati huohuo kukawa na mlio, taa zikazimika, na stima ikapotea ghorofa nzima, dukani kwa Mbuvi hapo chini na kwenye saluni ya ng'ambo. Stima ya Gatina jamani! Mtu hawezi hata kufanya utafiti wake kwa amani. Nimemwandikia mwenye nyumba barua kali kwa niaba ya wapangaji, ingawa mimi si mpangaji wake. Nimemtaka alete fundi anayejua nyaya. Na kama hana, namba yangu nimeiacha chini ya barua.