Nyama Niliyoila Kabla ya Amina

Sikilizeni ndugu zangu, kaeni kwanza. Leo nimeumbuka ukweni. Tena si ukweni kwangu, ni ukweni kwa mdogo wangu Chacha.

Asubuhi nilipanda kutoka duarani (shimo letu la dhahabu) tumbo likiwa tupu. Chacha akasema, "Kaka, pita kwa mama ntilie, ugali upo." Nikakataa. Nikanunua soda na keki, kisha soda nyingine. (Mimi ndiye huwashauri vijana wa machimbo wale vizuri. Endeleeni kusikiliza.)

Tukafika Nyamisangura kwa akina Bhoke, mchumba wa Chacha. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Kazi yangu ilikuwa moja: kushusha mahari. Tangu dhahabu itoke, kila mchimbaji anaonekana tajiri. Baba yake Bhoke alitaka ng'ombe kumi na watano. Zizini kwa Chacha wako kumi tu.

Mwanzoni nilinguruma! Sukari kwenye tumbo tupu huingia haraka, mtu akajiona simba. Wazee wakacheka, wakashuka hadi kumi na wawili. Chacha akaninong'oneza, "Hapo hapo, kaka!"

Kisha nikaishiwa. Niwaeleze taratibu: nguvu inayopanda upesi hushuka upesi. Usingizi ukaja, na hasira juu yake. Baba yake Bhoke alipokuwa akitueleza ukoo wake, nikamkatiza: "Mzee, fupisha!"

Wazee wakatazamana. (Nilikuwa nimempa shikamoo muda si mrefu.)

Na njaa, jamani! Kama sijawahi kula tangu nizaliwe.

Hapo wakaleta ugali na nyama. Mila yao ni hii: chakula huwekwa mbele ya msemaji mkiwa bado mnabishana, na akikigusa amekubali idadi iliyotajwa. Ni mtihani. Unakitazama, unameza mate, unaendelea kuongea.

Mama mmoja akasema tuombee chakula na kikao. Sala ikawa ndefu. Macho yote yamefumbwa. Nikajiambia, kipande kimoja, nani ataona?

"Amina."

Wakafumbua macho. Shavu langu limevimba, mchuzi unachuruzika kidevuni.

"Msemaji wao amekula," alisema baba yake Bhoke, kwa upole kabisa.

Mashangazi wakapiga vigelegele. Nikataka kusema "bado," nyama ikaninyima nafasi. (Ilikuwa ngumu sana.)

Tulipokaribia nyumbani Chacha akaniita.

"Kaka."

"Naam."

"Bhoke nimempata, nashukuru. Wale ng'ombe wawili waliozidi watatoka zizini kwako."

Nimekubali. Ningebisha kwa mdomo upi?

Msinicheke. Ukiwa na kikao kizito, kula kwanza ugali na maharage, ushibe, ndipo utoke nyumbani.